Kipimo cha Mnunuzi

Msafiri atokaye pwani kwa barabara kuu iendayo Zambia, akiisha kuyapita mashamba ya vitunguu ya Ruaha Mbuyuni na kuukwea Mlima Kitonga polepole nyuma ya malori, akaipita Ilula penye nyanya, na Ipogolo chini ya mji wa Iringa, na Mafinga penye mbao, na Makambako, na Igawa, na Chimala, hata akafika Uyole kwenye mlango wa jiji la Mbeya, huwa ameiona njia nzima neema ambayo mikoa mingine ya nchi hii huisikia kwa masikio tu. Na ndani ya neema hiyo huwa ameyaona pia mambo kadhaa ambayo, lau angalifundishwa adili pasipo kufundishwa mazoea, yangalimtoa usingizini, lakini kwa kuwa mazoea ndiyo yaliyomlea, huyapita kama apitavyo vibao vya kilomita. Wahenga walisema kwamba mazoea yana taabu. Hawakusema taabu hiyo humwangukia nani, na hilo ndilo nitakalo kulitazama.

Tuanze na gunia, kwa sababu ndilo jepesi kusemeka wala halimtii mtu haya. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekabidhiwa dhima ya kuisimamia. Walakini kule Umalila na katika miinuko ya Uporoto, viazi mviringo vinapokwisha kung'olewa, mnunuzi hufika shambani na magunia yake mwenyewe, na kamba zake, na sindano yake, na vijana wake wa kushindilia. Gunia likijaa mpaka shingoni huongezewa kilemba, na kilemba nacho kikajazwa, hata kile kihesabiwacho kuwa gunia moja kikakaribia uzito wa gunia na nusu, ilhali bei imebaki ile ile ya moja. Hiyo ndiyo lumbesa, na hakuna asiyeijua. Viongozi wa kila awamu wameikemea majukwaani, kila Agosti wakulima husifiwa katika viwanja vya John Mwakangale siku ya Nane Nane, vizuizi huwekwa barabarani, na kwa muda vilemba hupungua. Kisha macho huchoka, na vilemba hurudi. Mkulima akiulizwa sababu ya kukubali, hujibu kwa upole kwamba kiazi kilichotoka ardhini hakingoji, kwamba akikataa yeye jirani yake atakubali, na kwamba mnunuzi naye anakwenda kupimwa vivyo hivyo na dalali wa sokoni Dar es Salaam. Basi kila mmoja humsukumia aliye chini yake, na wa chini kabisa ndiye aliyeshika jembe. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, nami sina ubavu wa kuipuuza. Linalonishughulisha zaidi ni kule kuzoea, miaka nenda miaka rudi, kwamba ajaye kuchukua ndiye ajaye na chombo cha kupimia, maana mazoea hayo yakiisha kuota katika viazi hayakubali kubaki katika viazi.

Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao unavyotaka, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Na Njombe, ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya mkoa huo huo wa Iringa, ilifuata kwa asilimia 50.4. Watu waliisoma takwimu hiyo, wakastaajabu kwa muda wa juma moja, wakanyamaza. Nami nadhani walinyamaza kwa kuwa haikuingia akilini. Hii ndiyo mikoa ilishayo nchi. Dar es Salaam mwenye duka asipoandika juu ya gunia lake kuwa mchele ni wa Mbeya au wa Kyela huona kana kwamba hakuandika kitu, na mahindi ya nyanda hizi hupakiwa mwaka mzima kwenda mijini na ng'ambo ya mipaka. Itawezekanaje basi njaa, maana udumavu ni aina ya njaa, ikae chini ya paa moja na ghala lililojaa?

Huwezekana hivi. Mama hushinda shambani tangu alfajiri, na mtoto akaachwa na dada yake wa miaka sita au saba pamoja na uji uliopikwa asubuhi, mwepesi, ukinywewa baridi mpaka jioni. Maharage, mayai na maziwa, vitu ambavyo ndivyo vijengavyo mwili, vina bei barabarani, kwa hiyo huenda barabarani. Nyumbani hubaki ugali wa sembe na mboga za majani, na wakati wa mvua, ulanzi. Msomaji wa pwani asiyeujua ulanzi na afahamu kuwa ni kinywaji kigemwacho katika machipukizi ya mianzi, kitamu kingali kipya, na hapo watu wa Iringa hukiita mtogwa, kisha kikageuka kuwa kikali kadiri kinavyolala. Na kwa sababu mtogwa ni mtamu na hunyamazisha tumbo, mtoto hupewa, na ampaye ni bibi yake ampendaye, ambaye naye alipewa na bibi yake. Hapana ukatili hata chembe katika tendo hilo, na kwa ajili hiyo ni muhali kulikemea.

Tena udumavu una hila ya kujificha machoni pa walio ndani yake. Mahali ambapo zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa, aliyedumaa ndiye mtoto wa kawaida, na yule aliyekua sawasawa husemwa kuwa ni mrefu, yumkini amewafuata wajomba. Mama huwalinganisha wanawe na wa jirani, akaridhika, na mwalimu wa darasa la kwanza huwapanga uwanjani asubuhi, akauona mstari umenyooka. Jamii iliyofika hapo haikosi kipimo. Inacho, nacho kimepinda pamoja na kinachopimwa.

Na sasa nije kwa binti, ambaye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mitihani ya kumaliza elimu ya msingi hufanywa aghalabu mwezi Septemba, na baina ya mwezi huo na Januari, wakati shule za sekondari zinapofunguliwa, katika vijiji vya Kilolo, Mufindi na Iringa Vijijini, na kadhalika katika vijiji vya Rungwe na Ileje, huwapo kipindi ambacho msichana wa miaka 13 au 14 si mwanafunzi tena wala si mtu mzima bado. Katika kipindi hicho huingia Krismasi, na Krismasi huwaleta jamaa waliotawanyika mijini: shangazi aishiye Tabata, mama mdogo wa Mbezi, au mke wa binamu ambaye hata jina lake la pili halijulikani vyema. Hufika na sukari, kanga, na nguo za watoto. Siku ya kuondoka, chai ikiisha kunywewa, husema kwamba ana shida ya msichana wa kumsaidia kazi. Wala hasemi kuajiri, asilani, husema kusaidiana, na kwamba huko mjini binti ataona mambo, atafunguka akili, na Mungu akipenda atafundishwa cherehani. Mama mtu hutazama chini. Kukataa kungekuwa kumvunjia heshima mgeni aliyekuja na sukari. Kukubali ni kupunguza tumbo moja nyumbani na kutumaini ishirini elfu ya mwisho wa mwezi. Kesho yake binti yuko stendi, Igumbilo au Ipogolo, na mfuko wa plastiki mkononi, naye hupanda basi pamoja na abiria wengine ambao kila mmoja humtazama, humjua ni nani na anakwenda kufanya nini, na hakuna aulizaye.

Sifa za wasichana wa Iringa zimeenea nchi nzima: kwamba ni wapole, hawana maneno, hawachoki, hawana tamaa ya vitu vya watu. Vijana wa mjini wana jina lao la mzaha, beki tatu, na wachekeshaji wamejipatia riziki kwa kuiga lafudhi ya Kihehe na Kibena ya msichana aliyetumwa sokoni. Nimemwona mtu mzima wa Iringa, mwenye cheo na elimu yake, akisikiliza sifa hizo katika baraza la watu wa Dar es Salaam, akatabasamu kama aliyesifiwa. Wala haikumpitikia kwamba kilichokuwa kikisifiwa ni daraja la bidhaa, na kwamba sifa ya kutokuwa na maneno ni ya kutisha anapopewa mtoto.

Jambo hili lina nasaba ndefu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na miongoni mwa majimbo waliyoyategemea sana ni haya ya Nyanda za Juu Kusini. Wabena wa Njombe na wenzao wakasafirishwa kwa maelfu kwenda Tanga, wakakata mkonge kwa kipande, wakaitwa manamba. Vijana wa Unyakyusa walikuwa wamekwisha kuzoea safari: kwanza Lupa, katika Chunya, kwenye dhahabu, kisha migodi ya shaba ya Rodeshia ya Kaskazini na migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Uhuru ulipopatikana uandikishaji wa kwenda kwa makaburu ulikomeshwa, na baadaye mkonge wenyewe ukaporomoka, lakini njia zilizokwisha kukanyagwa hazikufutika. Nyanda hizi ziliendelea kujulikana, na zenyewe zikaendelea kujijua, kuwa ni mahali pa kwenda kutafuta mikono. Tofauti moja inastahili kutajwa, nayo haitupi fahari. Yule manamba, pamoja na dhulma zote alizotendewa, alikuwa mtu mzima mwenye mkataba wenye mwanzo na mwisho, na mwisho ukifika alikuwa na haki ya kurudishwa kwao. Binti wa leo hana karatasi, na safari yake haina siku ya mwisho.

Maradhi nayo yaliongeza. Utafiti wa mwaka 2007 na 2008 uliuonyesha mkoa wa Iringa, wakati ule ukiwa bado pamoja na Njombe, kuwa na maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa asilimia 15.7 ya watu wazima, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko mikoa yote ya bara na zaidi ya maradufu ya wastani wa taifa. Nyuma ya asilimia hiyo walikuwapo yatima, na nyuma ya yatima bibi mmoja mwenye wajukuu wanne au watano na shamba la ekari moja. Bibi huyo alipoijiwa na mtu wa mjini aliyekuwa tayari kumchukua mjukuu mmoja, hakuona kuwa anatoa mtoto kazini. Aliona amepokewa mzigo. Nani atamlaumu? Lakini ada iliyoanza katika msiba iliendelea msiba ulipopungua, kama kwamba msiba ulikuwa udhuru tu wa jambo lililokuwa likitakiwa.

Sheria zetu hazikulala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyetimiza umri huo inamruhusu kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumtoa shuleni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha. Hapo kabla, Tanzania, pamoja na Nepal na El Salvador, ilikuwa miongoni mwa nchi tatu za kwanza duniani kuanzisha mpango wa muda maalumu wa kukomesha ajira mbaya kwa watoto. Chama cha wafanyakazi, CHODAWU, kimewasemea watumishi wa majumbani kwa miaka mingi. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea mtumishi wa nyumbani alalaye kwa mwajiri shilingi 60,000 kwa mwezi, kutoka 40,000 za amri ya mwaka 2013, na asiyelala hapo shilingi 120,000. Hata hivyo aliyetumikia nyumba ya balozi aliwekewa na amri hiyo 250,000, hivi kwamba deki ile ile, ikipigwa sakafu ya mgeni, ilikuwa na thamani zaidi ya mara nne kuliko ikipigwa yetu. Hapo napo tazama ni nani mwenye chombo cha kupimia.

Na ijara ya namna hiyo, ikitolewa, humfikiaje binti? Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na kitambulisho hicho hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18. Binti wa miaka 14 hawezi kusajili laini kwa kitambulisho asichokuwa nacho, kwa hiyo ijara yake hurushwa kwa simu ya baba, au ya mama, au, na hapa ndipo penye mushkili mkubwa, ya yule shangazi aliyemleta, ambaye huikata nauli ya Krismasi iliyopita, na nguo, na dawa, na chakula alichokula. Nimesikia hesabu hizo zikifanywa kwa utulivu, mbele za watu, na mtu aendaye kanisani kila Jumapili.

Sisemi kwamba kila nyumba ni jehanamu. Wapo waajiri wenye insafu, waliowapeleka wasichana ufundi, wakawaoza kwa heshima, wakawa jamaa hadi leo, na msomaji aliye mmoja wao asione nimemjumuisha. Wala sitaki kuandika juu ya vipigo na pasi za moto, ambavyo magazeti huviandika vikitokea na ambavyo kila mtu huvilaani bila kujisikia anahusika. Vitendo hivyo bado vinaitwa uovu. Nazungumzia nyumba njema, Gangilonga au Wilolesi mjini Iringa, Uzunguni au Forest mjini Mbeya, ambamo binti hapigwi wala hatukanwi: huamka saa kumi na moja alfajiri, huchemsha maji ya kuoga ya watu watano, huwavisha sare za shule watoto walio wa rika lake au wadogo kwake kwa mwaka mmoja, huwasindikiza mpaka gari la shule, kisha akarudi kufua. Baba wa nyumba hiyo ni mtu wa watu. Mama wa nyumba hiyo hutoa mada juu ya haki ya mtoto wa kike. Wakati gari la shule linapoondoka, hakuna mtu katika nyumba hiyo aonaye kwamba mtoto mmoja amebaki getini.

Yapo mambo ambayo nyanda hizi haziyaruhusu kutoka hivi hivi. Ubao wa Mafinga hauvuki kizuizi bila hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Ng'ombe wa Usangu hasafirishwi bila kibali. Viazi, pamoja na vilemba vyake, hulipiwa ushuru. Hata fuvu la kichwa cha Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikachukuliwa Ujerumani, halikuachwa liende bila hesabu: liliandikwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na mwaka 1954 Gavana Edward Twining akalirudisha, nalo limo makumbushoni Kalenga mpaka leo. Miaka 56 Wahehe walilingoja fuvu la mtu mmoja, tena wakalipokea kwa heshima. Binti aliye hai wa kijiji cha jirani na hapo Kalenga hutoka bila mstari mmoja katika daftari la mtendaji wa kijiji, ijapokuwa serikali ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, nayo huzitunga, juu ya moto, mifugo, pombe na usafi wa vyoo. Daftari lenye jina la binti, jina la aliyemchukua, mtaa aendako na mwezi wa kurudi lisingegharimu zaidi ya kalamu.

Lakini nikiishia kijijini nitakuwa nimefanya kama mnunuzi wa viazi, kwa kumbebesha lawama aliyeshika jembe. Binti hutakiwa na mtu, na mtakaji ni sisi tulio na kazi za mishahara. Sheria ile ile ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo muda usiozidi saa mbili kwa kila siku ya kazi ili aende kunyonyesha. Siku ya 85 mwalimu hurudi darasani, muuguzi hurudi wodini, karani hurudi halmashauri, na mtoto mchanga wa miezi mitatu hubaki na nani? Baba haulizwi swali hilo. Nyanya yuko kijijini analima. Vituo vya kulelea wachanga vyenye bei ya mwalimu ni nadra mno, na nyumba ya kupanga ya Mwanjelwa iko mbali na ofisi kwa daladala mbili, hata saa mbili za sheria zikaishia njiani. Hapo ndipo simu hupigwa kwa shangazi, aulize kijijini kama kuna binti.

Kwa hiyo mtumishi wa umma anayefika kazini saa moja na nusu, akatia saini katika daftari la mahudhurio, akafungua jalada linalohusu ulinzi wa mtoto, amefika kwa wakati kwa sababu ya mtoto. Waajiri wengi wa nchi hii, serikali ikiwa wa kwanza miongoni mwao, hawaulipii ulezi wa wachanga wa watumishi wao, na hawakuona haja, maana siku zote ulikuwapo ulezi wa bei nafuu utokao Kilolo. Nimezizungukia ofisi nyingi za umma za Mbeya na Iringa kwa shughuli zangu za uandishi, na takriban zote zina banda zuri la mabati la kuegesha magari yasichomwe na jua. Chumba cha watoto wachanga, chenye mkeka na mlezi anayelipwa, sijakiona hata kimoja.